Siku Moja Maishani Mwangu: Napoleon Mezani

Saa kumi na mbili asubuhi. Kikombe cha chai nakiweka dirishani, mbali na ramani. Natunga michezo ya vita ya ubao, na sasa niko Ubelgiji, Juni 1815, zile siku nne zilizoishia Waterloo, Napoleon aliposhindwa kwa mara ya mwisho. Asubuhi napima barabara: kutoka njia panda ya Quatre Bras hadi kijiji cha Ligny ni kama kilomita 11. Kumbuka umbali huo.

Saa mbili. Kinachonishughulisha ni tarehe 16. Napoleon anapigana na Waprusi, Wajerumani walioongozwa na Blücher, huko Ligny, na Marshal Ney, kamanda wake, anakabiliana na Wellington, Mwingereza, huko Quatre Bras. Katikati yuko Jenerali d'Erlon, naye wa Napoleon, na askari wapatao 20,000. Yuko njiani kwenda kwa Ney, anageuzwa kuelekea Ligny. Amekaribia, Ney anamwita arudi. Anafika kwa Ney giza limeingia na mapigano yamekwisha. Watu wote wale siku nzima hawakupigana popote! Mchezaji anayeiona ramani yote kutoka juu hatafanya hivyo kamwe. Mchezo ambao jambo hilo haliwezi kutokea, kwangu mimi, si mchezo wa 1815.

Saa nne. Naandika upya kanuni ya amri. Amri inaandikwa kwenye kikaratasi na kupewa kete ya tarishi, naye anakwenda kwa mwendo wa farasi. Kila zamu ni saa moja. Kikosi hakijui lolote mpaka tarishi afike. Zikifika amri mbili zinazopingana, dadu huamua jenerali atii ipi.

Saa sita. Kisu, rula, kadi ngumu. D'Erlon nampa kete nne zinazofuatana barabarani, kwa sababu askari 20,000 na mizinga yao ni msururu wa kilomita kadhaa. Kuugeuza kunakula zamu nzima.

Saa saba. Swala, wali, usingizi kidogo.

Saa kumi. Marafiki wawili wamekuja kuujaribu. Mimi ndiye mwamuzi, na kete za mbali nazilaza kifudifudi. Napoleon wetu ameshaandaa kikosi chake cha akiba, Gadi, kuvunja safu ya Waprusi, mara upande wa kijiji cha Saint-Amand unatokea msururu mrefu. Mkono wake unasimama hewani.

"Kaka, hawa ni wa nani?"

"Tuma mtu akaulize."

Anaizuia Gadi, anatuma mpanda farasi, anasubiri. Napoleon mwenyewe alifanya vivyo hivyo: askari wa Vandamme, jenerali wake mwingine, walidhani msururu wa d'Erlon ni adui, na shambulio likachelewa zaidi ya saa moja. Rafiki yangu hakuwahi kuisoma habari hiyo. Hapo ndipo nilipojua kanuni inafanya kazi.

Saa tatu usiku. Wameondoka wakibishana mpaka getini. Kesho ni zamu ya Waprusi: baada ya kushindwa Ligny walirudi nyuma kuelekea kaskazini, Wavre, na hivyo wakaweza kumfikia Wellington tarehe 18. Lazima njia ya mashariki nayo imvutie mchezaji, la sivyo uamuzi ule hautakuwa na uzito. Nadhani nitaweka risasi na mikate huko mashariki, upande wa mji wa Liège.