Umetafuta chaja, umeletewa kava

Leo kwenye soko la mtandaoni: "chaja ya laptopu 19.5V 3.33A, pini 4.5 mm".

Tangazo la kwanza? Kava la simu. 🙄

La pili ni chaja kweli, ila pini yake ni ya 7.4 mm. Haiingii hata ulazimishe.

Jamani, tatizo si macho yenu. Matokeo ya juu mara nyingi yamelipiwa. Wauzaji nao hurundika kila modeli kwenye kichwa cha tangazo, ndiyo maana chaja moja "inafaa" laptopu zote duniani.

Ila kinachoudhi zaidi ni kupanga kwa bei ya chini.

Tangazo moja linabeba machaguo kadhaa: chaja nzima, waya mtupu, kipini cha kuunganishia. Bei inayoonekana ni ya kile kipini! Bofya chaja yenyewe uone bei inavyoruka.

Chagua kategoria kwanza, kisha weka bei ya kuanzia, siyo ya mwisho tu. Vipini vingi vinachujwa.

Tafuteni kwa namba ya kipuri iliyochapwa kwenye lebo ya chaja ya zamani. Kwenye eBay, weka alama ya kutoa (-) mwanzoni mwa neno usilolitaka, bila kuacha nafasi.

Halafu kuzeni picha ya lebo: volti zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi. Hakuna picha ya lebo? Pita.

Nyie mnachujaje? Na nani kaletewa kioja kuliko kava? 😂