Jinsi nilivyomzuia baba mdogo kuendesha gari akiwa amelewa

Kila Ijumaa ilikuwa hivyo hivyo: baba mdogo anatoka baa Sinza saa tano usiku, anashika Barabara ya Morogoro kurudi Mbezi Mwisho, nasi nyumbani hatulali mpaka tusikie honi getini. Mara mbili alirudi bampa imebonyea, wala hakumbuki alipogonga.

Nilianza kwa kumsihi. Nikaficha funguo, akatoa za akiba. Nikamnywesha kahawa na supu, kumbe hivyo humchangamsha mtu tu, pombe inabaki kwenye damu mpaka ini liimalize kwa muda wake. Kubishana naye akiwa ameshalewa ndiyo kabisa, nilikuwa napoteza mate.

Nikabadilisha muda wa kuongea. Jumapili asubuhi, anakunywa chai, nikamuuliza taratibu: "Baba, kwani nini hasa kinakufanya usiliache gari pale?"

"Wezi wataning'olea saiti mira, mwanangu."

Basi! Miaka yote hiyo nilidhani ni ubishi.

Sasa Ijumaa gari linaingia getini kwanza, anabadilisha shati, halafu kijana wa bajaji wa mtaani kwetu anampeleka. Nauli ya kwenda na kurudi nailipa mimi kabla hawajaondoka. Hapo ndipo penyewe, maana akianza kupatana bei usiku na bia kichwani, safari ijayo atalikumbuka gari. Na bajaji inamfuata saa nne na nusu kamili, si "ukimaliza nipigie".

Huu ni mwezi wa tano tangu tuanze hivyo. Honi ya getini siku hizi ni ya bajaji.