Nilivyotoa rangi ya zamani kwenye plastiki za pikipiki bila kuziyeyusha

Vipande vilikuwa vinne: makava mawili ya pembeni, madigadi ya mbele na kava la taa. Vyote vilikuwa vimepigwa rangi ya kopo mara tatu juu ya ile ya kiwandani, tabaka likawa nene na kwenye kona likaanza kupasuka. Ikifikia hapo, kuvua rangi kuna maana. Kama rangi ya kiwandani bado imeshika, mimi siendi mbali zaidi ya kuikwaruza kwa msasa, maana ndiyo msingi mzuri kuliko praima (rangi ya chini) yoyote nitakayoipiga mwenyewe. Kuijua ni rahisi: chora vimraba vidogo kwa wembe mahali pasipoonekana, bandika selotepu, ikandamize kwa kidole, vuta ghafla. Vimraba vikibaki, piga msasa tu. Vikiondoka na selotepu, vua yote.

Kabla ya kugusa kimiminika chochote, geuza kipande usome maandishi ya nyuma. Mara nyingi utakuta ABS au PP, aina mbili za plastiki, na hizo herufi ndizo zinazoamua kazi nzima. Kama zimefutika, kwangua kijipande upande wa nyuma, hakikisha hakina rangi, ukitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. PP huelea, kwa kuwa uzito wake ni kama gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo. ABS iko karibu na 1.05, huzama. Ila ipo PP iliyochanganywa unga wa talki nayo ikazama, kwa hiyo ukiona maandishi yaamini hayo kwanza. Kwangu makava na la taa yalikuwa ABS, madigadi PP.

Madigadi hayakunisumbua. PP hailiwi na tina (kiyeyusha rangi) kwa kufutwa haraka, na rangi yenyewe haiipendi plastiki hiyo: nililowesha kitambaa, nikasugua, ikatoka kwa maganda.

ABS ndiyo yenye kesi. Tina na asetoni huiyeyusha, na petroli huidhuru pia. Dawa ya kutoa rangi kwenye chuma usiisogeze kabisa. Ukisugua ABS kwa tina, kwanza utafurahi rangi inavyotoka, halafu plastiki inaanza kunata na alama za kitambaa zinabaki usoni. Hata ikikauka, tina iliyozama ndani hutoka polepole chini ya rangi mpya na kuleta nyufa au vipele wiki kadhaa baadaye. Fundi akilaumu rangi mbovu, mara nyingi kosa lilifanyika hapa.

Nilichotumia kwenye ABS ni mafuta ya breki ya DOT 4, nusu lita kwa vipande vitatu ikabaki. DOT 3 nayo inafaa. DOT 5 ya silikoni haifai: haitoi rangi, tena silikoni ikibaki kwenye plastiki, rangi mpya itakuwa na macho ya samaki, yaani vishimo vidogo vya mviringo. Jaribu kwanza upande wa nyuma kwa dakika 20. Ukiona plastiki imefifia au kunata, acha, tumia msasa peke yake. Ikiwa salama, paka kwa brashi, funga kwa mfuko wa nailoni isikauke, fungua kila baada ya dakika 20. Rangi ikianza kujikunja, isukume kwa kadi ya zamani ya benki, kwenye kona tumia mswaki. Kisu hapana, kinaacha mikato ambayo rangi mpya haiifichi. Nilirudia mara tatu, kisha nikaosha kwa maji mengi na sabuni. Usilaze kipande humo usiku kucha: mafuta ya breki hupasua ABS pale ilipobanwa, hasa kuzunguka matundu ya skrubu na vile vipini vinavyoingia kwenye raba. Na uwe mbali na tanki, tone moja linaharibu rangi yake. Vaa glavu. Yaliyotumika rudisha kwenye chupa upeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Si ya kumwaga kwenye mfereji unaokwenda migombani.

Rangi iliyochanganywa hadina (dawa ya kuikaza rangi) haijali mafuta ya breki. Kwenye kava la taa lilikuwepo tabaka moja la namna hiyo, likabaki limekaa kimya. Hilo ni la msasa.

Msasa niliutumia wa maji, kuanzia namba 320, kisha 400, nikamalizia 600, karatasi mbili kwa kila namba. Wanaoanza na 120 ili wawahi huchimba mistari. Tina ya rangi mpya ikiingia, plastiki huvimba kwenye mistari hiyo na kuionyesha yote. Nyuma ya karatasi niliweka kipande cha ndala iliyochakaa: kinafuata mviringo, vidole havichimbi. Kwenye kingo punguza mkono, hapo ndipo plastiki hutobolewa. PP ikisuguliwa kavu hutoa manyoya, kwa hiyo maji mengi na mkono mwepesi.

Baada ya hapo osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, kisha mwagia maji safi. Yakitanda kama utando mmoja, pamesafika. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudia. Nikaacha vikauke siku nzima, nikafuta kwa spiriti kwa vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kingine cha kukausha mara moja. Kuanzia hapo sikugusa uso kwa mkono mtupu.

Madigadi ya PP yalipata kwanza praima maalumu ya plastiki, pazia (mpako) moja jembamba, halafu rangi ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Bila hiyo, presha ya mashine ya kuoshea itaibandua yote. ABS ilipata praima ya kawaida yenye hadina, pazia mbili, dakika 15 katikati. Ya kwanza iwe nyepesi sana: ukimwaga nene, tina inang'ata ukingo wa rangi ya zamani iliyobaki na kuukunja kama ngozi ya maziwa. Kitambaa puani hakizuii moshi wa hadina, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke.

Kuhusu saa: Arusha mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi kuna ubaridi na unyevu, kliya (rangi angavu ya juu kabisa) hushika ukungu mweupe. Ninasubiri saa tano jua likishapasha joto, na ninamwaga maji sakafuni kutuliza vumbi. Huko Moshi mambo hugeuka: mchana wa mwezi wa 2 rangi hukauka hewani kabla ya kufika, uso unakuwa kama msasa, heri kupiga saa mbili asubuhi kwa tina inayokauka taratibu.

Wakati wa kufunga, lainisha raba kwa maji ya sabuni, sukuma kava moja kwa moja bila kulipindisha, na skrubu zikaze kwa mkono tu.