Nilivyoacha kazi ya nusu siku kwa ugonjwa bila kupoteza SHA

Nilikuwa nashona sare za shule Eastleigh, Nairobi, asubuhi hadi saa saba, kwa shilingi 16,000 kwa mwezi. Baridi yabisi iliponishika vidole, hata mkasi ukawa haushikiki. Daktari akaniambia nipumzishe mikono. Hofu yangu haikuwa mshahara tu: SHA, bima ya afya ya serikali, ilikatwa kazini, 2.75% ya mshahara, yaani shilingi 440, na kliniki ya viungo niliihudhuria kwa hiyo.

Kenya hakuna posho ya serikali kwa mtu aliyeacha kazi kwa kuugua. Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, yatima na wenye ulemavu mkubwa. Mimi simo. Basi kabla ya kuandika barua yoyote nikadai kwanza cha kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 haimtengi wa nusu siku: ukishafanya miezi miwili mfululizo, una siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, mradi ulete cheti cha daktari.

"Lakini wewe si unafanya nusu siku tu?" bosi akauliza.

"Basi nilipe ugonjwa wa nusu siku, Mama."

Akacheka, akalipa. Kisha nikatoa notisi ya siku 28 na kudai pesa za likizo ambayo sikuwa nimeenda. Kiinua mgongo sikukigusia, maana anayechangiwa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, sheria haimpi.

Kazi kubwa ilikuwa SHA. Ukiwa na mshahara unakatwa kila mwezi. Ukitoka, uwezo wako wa kulipa unapimwa upya, kisha unalipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwetu alinisaidia kujibu maswali: paa la aina gani, unapikia nini, choo kikoje, mnaishi wangapi. Choo ni cha mwenye nyumba, lakini kilihesabiwa kwangu! Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka, changu kilizidi. Pesa zote za likizo zikaenda huko kabla mchango wa mwisho wa kazini haujaisha nguvu. Zahanati ningetibiwa bila mchango, kwani hapo kujisajili kunatosha. Kliniki ya hospitali kubwa ni habari nyingine.

Ndugu zangu wakashikilia nitoe akiba ya NSSF. Sijafika miaka 50, na kwa ugonjwa hulipwa mwenye ulemavu wa kudumu uliomwondoa kabisa kazini, uliothibitishwa na madaktari. Vidole vyangu hukunjuka vizuri ikifika saa nne, na dawa zikikubali nitarudi kwenye cherehani. Fomu ya kudai akiba hiyo sikuichukua.