Hajiri aliitwa jina na malaika

Mama yangu mzazi alifanya kazi za ndani miaka 11, Tanga mjini, na kwenye nyumba moja aliyokaa muda mrefu kuliko zote walikuwa hawamwiti jina, ni "we msichana" tu, mpaka watoto wadogo wa pale nao wakawa wanamwita hivo hivo. Alinihadithia mara moja tu, tunachambua mchele, na hakurudia tena. Ndo maana nikifika Mwanzo sura ya 16 huwa sipiti haraka. Sarai anamwambia mumewe mwingilie mjakazi wangu, Abramu anamjibu mjakazi wako yuko mkononi mwako, yaani jina la huyo mjakazi, Hajiri, mwandishi analitaja lakini midomoni mwa wale wawili halitoki hata mara moja. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, kule jangwani kwenye chemchemi, akiwa ametoroka mateso na mimba tumboni, na anamuuliza ametoka wapi na anaenda wapi. Na hapo ndo mara ya kwanza kabisa kwenye Biblia malaika wa Bwana anatajwa, hakumtokea Abramu kwanza, alimtokea dada wa kazi.

Sasa mimi nimekua Mkristo, baba yangu Mwanglikana, mama alibadili dini alipoolewa, na mahubiri niliyokulia Hajiri ni mfano mbaya. Chanzo ni Wagalatia sura ya 4, Paulo anawaandikia watu waliokuwa wanaambiwa bila kutahiriwa na kushika sheria hawajakamilika, anachukua wanawake wawili kama mfano, Hajiri ni mlima Sinai na utumwa, Sara ni Yerusalemu ya juu, uhuru, alafu anamalizia na yale maneno ya Sara, mfukuze mjakazi na mwanawe. Naelewa Paulo alikuwa anapigania nini na nakubaliana naye kwenye hilo la neema. Lakini wahubiri wengi wanachukua ule mfano wanasahau kwamba nyuma yake kuna mwanamke mtumwa ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka kuzaa na bwana wa nyumba, na kwenye kanisa lililojaa akina mama waliofanya kazi za ndani naona hiyo si haki.

Upande wa pili wa familia ndo tofauti kabisa. Mama mdogo ni Muislamu, alipotoka umra, ile hija ndogo ya Makka, alituletea maji ya zamzam, na kabla hatujanywa akatusimulia habari za Bi Hajar, ndo Hajiri huyo huyo, kama anamsimulia bibi yake mwenyewe. Kurani haimtaji kwa jina, kuna dua ya Nabii Ibrahim kwenye sura ya 14, kwamba ameweka kizazi chake kwenye bonde lisilo na mimea karibu na Nyumba takatifu, habari yenyewe ndefu iko kwenye hadithi ya Ibn Abbas ndani ya Bukhari, kile kitabu cha hadithi za Mtume. Ismail, mwanae, hapo bado ananyonya (kwenye Mwanzo ukipiga hesabu ni kijana wa miaka 14 au zaidi, maana Ibrahimu alimzaa akiwa na miaka 86 na Isaka akiwa na 100), Ibrahim anawaacha na tende na kiriba cha maji anaondoka bila kugeuka, Bi Hajar anamfuata anamuuliza na kumuuliza, mwisho anasema je, Mwenyezi Mungu ndo kakuamrisha hivi, anajibiwa ndiyo, naye anasema basi hatatupoteza. Akarudi akakaa. Mama mdogo alipofika hapa sauti ilimkatika. Maji yakaisha, mama anapanda kilima cha Safa anaangalia, anashuka bondeni anakimbia, anapanda kilima cha Marwa, mara 7, ndo malaika akaichimbua zamzam. Na mpaka leo hakuna hija wala umra bila kusai, yaani kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, mfalme na muuza samaki wote wanafuata nyayo za mwanamke mmoja anayemtafutia mwanae maji, karibu kilomita 3 kwa jumla. Mimi sijui heshima kubwa kuliko hiyo aliyopewa mama yeyote.

Wayahudi nilidhani watakuwa wakali kwake kuliko wote, maana wao ni watoto wa Sara. Kuna ukali kweli, Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa wa karne ya 11, anasema alipofukuzwa na kupotea jangwani alirudia miungu ya kwa baba yake. Lakini huyo huyo Rashi anasema Ketura, mke aliyeolewa na Ibrahimu baada ya Sara kufa, ni Hajiri, kaitwa hivo kwa sababu matendo yake yalikuwa mazuri kama ubani, maana kwa Kiebrania neno la ubani linafanana na hilo jina. Yaani alirudishwa, na safari hii kama mke. Wengine wanabisha, ila mafundisho hayo yapo tangu zamani. Na siku ya kwanza ya Rosh Hashanah, mwaka wao mpya, sinagogi zinasoma Mwanzo 21, ile ya Isaka kuzaliwa, na humo humo yumo Hajiri amemlaza mtoto chini ya kijiti anakaa mbali asimuone akifa, na Mungu anasikia sauti ya kijana.

Juzi nilimpigia mama nikamsomea yote hayo. Alinyamaza alafu akauliza, Sara aliwahi kumuomba msamaha? Nikamwambia Biblia haisemi, ila kuna rabi wa Hispania wa karne ya 13, Ramban, aliandika wazi kwamba Sara mama yetu alitenda dhambi kumtesa vile, na Ibrahimu naye alikosa kwa kumwachia afanye.

Akaniambia nisome hapo tena.