Treni, kebo na miguu: mzunguko wa siku moja chini ya Eiger pamoja na watoto

Eneo la Jungfrau nchini Uswisi lina reli na njia nyingi za miguu kiasi kwamba familia hupoteza nusu ya siku ikibishana juu ya ramani. Kama mna watoto wadogo, au bibi na babu wamo msafarani, ushauri wangu ni mzunguko mmoja tu. Pandeni treni ya Interlaken Ost hadi Lauterbrunnen, kisha treni ya meno (treni ya kupanda milima mikali) hadi Wengen, kisha gari la kebo hadi Männlichen. Kutoka hapo tembeeni hadi Kleine Scheidegg. Mtashuka kwa treni ya meno ya upande wa pili hadi Grindelwald, na treni ya kawaida itawarudisha Interlaken. Ukiacha kipande kifupi kati ya Interlaken na Zweilütschinen, hakuna mtakachopita mara mbili.

Mwelekeo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kituo cha kebo cha Männlichen kiko mita 2,225 na Kleine Scheidegg iko mita 2,061, kwa hiyo ukianzia Männlichen unateremka taratibu kwa kilomita nne na nusu hivi. Ukigeuza, mtoto yuleyule anapanda mita 160 juani, na mlima wote uko mgongoni kwake. Anayetoka Männlichen ana vilele vya Eiger (mita 3,967), Mönch (4,110) na Jungfrau (4,158) mbele ya macho karibu njia nzima.

Vibao vya njano vitakuambia safari ni kama saa moja na nusu. Hesabu ya vibao vya Uswisi inatokana na mtu mzima anayekwenda kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare, bila kusimama. Mtoto wa miaka mitano anasimama kwa kila jiwe, kila ua na kila ng'ombe. Zidisha kwa moja na nusu kwa watoto wakubwa na kwa mbili kwa wadogo. Ukiweka saa tatu pamoja na chakula, hamtakimbizana na mtu.

Ratiba ianze kupangwa kutoka mwisho. Tafuta treni ya mwisho inayoteremka kutoka Kleine Scheidegg kwenda Grindelwald siku hiyohiyo mnayosafiri, kwa sababu saa hubadilika kulingana na msimu, na vuli treni hiyo huondoka mapema. Kisha ichukulie kama haipo. Lengeni inayotangulia kwa saa nzima au zaidi. Fanyeni vivyo hivyo kwa gari la kebo la kushuka, maana ndilo mlango wenu wa dharura kama mtoto ataanza kuumwa tumbo mkiwa bado mko Männlichen. Programu ya simu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, inaonyesha ratiba zote hizi, kebo ikiwamo.

Asubuhi ondokeni Interlaken Ost mapema, saa mbili hivi. Wakati wa kiangazi mawingu hujikusanya kileleni kadiri jua linavyopanda, na radi huwa za alasiri. Treni hadi Lauterbrunnen ni dakika 20. Kutoka hapo hadi Wengen ni robo saa pungufu kidogo, halafu dakika tano za kutembea kutoka stesheni hadi kituo cha kebo, na kebo yenyewe ni dakika tano au sita. Ukijumlisha kusubiri na kwenda msalani, mtakuwa juu baada ya saa moja na robo hadi moja na nusu.

Kosa linalowapata wengi hutokea mwanzoni kabisa. Treni inayotoka Interlaken Ost hukatwa katikati ikifika Zweilütschinen: sehemu moja huenda Lauterbrunnen, nyingine Grindelwald. Ukiingia behewa lolote lililo wazi, utajikuta bonde lisilo lako. Soma maandishi kwenye skrini ya behewa lenyewe, sio ya jukwaa peke yake, na familia nzima ipande mlango mmoja. Mzazi anayekimbilia kiti cha dirishani behewa la pili anaweza kuigawa familia bila kujua.

Kwa nini kubadilisha treni mara nyingi hivyo? Reli zenyewe hazilingani. Ile ya Interlaken ina upana wa milimita 1,000. Wengernalpbahn, yaani reli ya meno inayopita Wengen, iliyofunguliwa 1893, ina milimita 800, kwa hiyo treni ya kwanza haiwezi kuendelea hata ikitaka. Reli ya Jungfrau inayotoka Kleine Scheidegg kwenda juu inarudi tena kwenye milimita 1,000. Waonyeshe watoto chuma chenye meno kilicholala katikati ya reli: gurudumu la meno chini ya treni hukishika, ndiyo maana behewa zito halitelezi kwenye mteremko ambao magurudumu laini yangeshindwa. Watauliza maswali hadi Wengen.

Tiketi ndiyo sehemu inayokula pesa bure. Msinunue ya kwenda na kurudi, kwa kuwa hamrudi mlikopita; ombeni ya mzunguko na muutaje kwa majina ya vituo: Lauterbrunnen, Wengen, Männlichen, halafu Kleine Scheidegg, Grindelwald. Watoto chini ya miaka sita hawalipi. Wa miaka 6 hadi 15 wanaosafiri na mzazi mwenye tiketi halali hutumia kadi ya Junior, faranga 30 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na kadi hiyo hufidia gharama yake haraka sana kwenye reli za milimani. Wenye Swiss Travel Pass, pasi ya usafiri ya watalii, wasidhani wamemaliza: pasi hiyo inawafikisha Wengen upande mmoja na Grindelwald upande mwingine, na vipande vya juu ya hapo mnalipia kwa punguzo.

Mkiwa Männlichen kuna uwanja wa michezo wenye ng'ombe mkubwa wa mbao. Ni mtego. Watoto watamaliza miguu yao pale kabla hata hamjaanza. Wapeni dakika 20, hakikisheni kila mtu amepita chooni, jazeni chupa, kisha ondokeni.

Njia ni pana na ya changarawe, na kigari cha mtoto chenye magurudumu makubwa kinapita. Cha mjini chenye vigurudumu vidogo kitawachosha mikono. Raba zenye soli inayoshika zinatosha wakati wa ukavu. Mapema Juni huenda theluji bado imelala kwenye vipande vyenye kivuli chini ya mlima Tschuggen, na kibao cha kufunga njia kikiwekwa kina sababu: mteremko wa kando unapelekea mbali, na theluji ya asubuhi ni ngumu kama barafu. Mkikuta uzio wa umeme wa malisho, shikeni mpini wa plastiki wa lango na kulifunga nyuma yenu. Ng'ombe mwenye ndama mzungukeni kwa mbali, na mtoto asimguse ndama hata akionekana mpole.

Männlichen iko juu ya Interlaken kwa zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo tarajieni baridi inayozidi ya chini kwa nyuzi kumi hivi, na upepo ukiwapo mtaihisi zaidi. Kila mtu awe na sweta na koti la mvua hata kama asubuhi ni ya fulana. Jua nalo huunguza haraka zaidi huku juu: kofia, miwani, losheni, na lita moja ya maji kwa mtu mzima, nusu lita au zaidi kwa mtoto. Namba ya dharura ni 112, na helikopta za uokoaji za Rega ni 1414.

Mkifika Kleine Scheidegg mtaona treni za kupanda Jungfraujoch, kituo cha mwisho cha reli ya Jungfrau, mita 3,454, na mtu mmoja atasema, "Tupo hapa tayari, twende." Kwa siku hii, kataeni. Tiketi ni ghali, safari hiyo peke yake inataka nusu siku, na huko juu shinikizo la hewa ni karibu theluthi mbili ya lile la usawa wa bahari. Mtoto aliyechoka kwa kutembea ndiye wa kwanza kuumwa kichwa. Jungfraujoch ipeni siku yake.

Kwenye kuteremka kaeni upande wa kulia: Eiger na ukuta wake wa kaskazini, uliopandwa hadi kileleni kwa mara ya kwanza Julai 1938, utakuwa dirishani kwenu. Treni ikisimama Grindelwald Grund, watu huteremka wakidhani wamefika. Hapo ni chini ya kijiji. Stesheni kuu ya Grindelwald iko juu zaidi, na treni hugeuza mwelekeo pale kabla ya kupanda, kwa hiyo msishangae mkianza kurudi nyuma.

Siku ya upepo mkali kebo ya Wengen husimamishwa huku treni zikiendelea. Angalieni kamera za Männlichen na hali ya kebo na treni kabla ya kununua tiketi ya mzunguko, sio baada. Ikifungwa, bakini kwenye treni hadi Kleine Scheidegg na mteremke kwa miguu hadi kituo cha Wengernalp, mita 1,874, kwenye njia pana ambayo haiendi mbali na reli. Watu wazima huitembea chini ya saa moja, na kutoka hapo mnapanda treni tena kurudi Wengen. Mkifanya hivyo, ya kurudi ndiyo tiketi ya kununua.