Kilomita zilezile, saa tofauti

Ukipima umbali kwenye ramani na kuugawa kwa mwendo wa ndege, jibu halitalingana na tiketi. Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, hadi ule wa JFK, New York, ni takriban kilomita 5,540 kwa njia fupi kabisa. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, hesabu inatoa saa 6 na dakika 10 hivi. Lakini ratiba ya kwenda New York hukaribia saa 8, na ya kurudi hukaribia 7.

Kinacholeta tofauti hasa ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huzidi nguvu. Ukiwa wa kilomita 150 kwa saa, ndege iendayo mashariki inapita juu ya bahari kwa 1,050. Ile ya magharibi inabaki na 750. Halafu ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, foleni ya kuruka ikiwemo.

Usitoe tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika iliyo kwenye tiketi. Kuondoka London saa 5 asubuhi na kufika New York saa 8 mchana si safari ya saa 3. Ongeza saa 5 ambazo New York iko nyuma ya London, upate 8. Angalia sana Machi na mwishoni mwa Oktoba: Marekani na Uingereza husogeza saa zao mbele au nyuma, lakini si siku ileile, kwa hiyo kwa muda mfupi tofauti huwa saa 4.